Siku Thelathini na Moja

Sanduku la Posta 417
9 Agosti 1964

Kaka Savely,

Nakuinamia hadi sakafuni wewe, na shemeji Agrafena, na Ustya mwenye meno mapya, na mama mkwe wako Pelageya, ingawa najua atasema sikuinama vya kutosha. Nawataja mmoja mmoja kama mama alivyotufundisha. Asiyetajwa kwenye salamu, alisema, watu huanza kumlilia.

Mimi mzima. Nilipo hapa jua limekausha kila kitu isipokuwa matikiti. Tunakula tikiti asubuhi, mchana na jioni, na vumbi la magugu ya pakanga linaingia hata ndani ya bahasha zilizofungwa. Kazi yangu ni makaratasi, zaidi ya hapo sina la kusema. Chumbani nalala na sajenti fundi mmoja, Fedot Ryabukhin, mtu mrefu ambaye miguu yake hulala nje ya kitanda. Anakusalimu ingawa hamjuani. Jana aliniona nahesabu kurasa mara ya tatu akasema, "Karani, wewe ukimwaga wino utajishtaki mwenyewe kabla hatujaona doa." Nilicheka. Kisha nikahesabu mara ya nne.

Kaka, kuna kitu kidogo nataka kukuuliza. Vuli ya mwaka juzi, redio ilipokuwa ikizungumzia kile kisiwa cha ng'ambo na hatari ya vita asubuhi na jioni, wewe jeshini ulikuwa wapi hasa? Mama alikuwa kitandani. Tulikuandikia barua nne na hukujibu hadi Desemba. Sikuwahi kuuliza. Nijibu ukipata nafasi.

Mdogo wako,
Venyamin

*

Kijiji cha Zaborye
30 Agosti 1964

Venya, mdogo wangu,

Wote uliowataja wamepata salamu zako na wanakuinamia. Mama mkwe kasema hukuinama vya kutosha. Ustya kamng'ata paka. Viazi vimetoka vidogo mwaka huu, lakini brusnika, vile vitunda vyetu vya kaskazini, zimejaa msituni, nyekundu hadi unaogopa kukanyaga. Agrafena na mama yake wanarudi na ndoo zimefurika, na nyumba nzima inanuka jamu. Kifua changu ni kilekile. Daktari wa Totma kaniuliza kama nilifanya kazi kwenye kiwanda cha rangi. Nikamwambia hapana. Akaniuliza basi nilivuta hewa gani. Nikamwambia hewa ya watu wote.

Agrafena anakumbusha kwamba uliondoka nyumbani bila kuketi. Treni ilikuwa inakuharakisha, najua, lakini sote tulikuwa tumeshakaa kwenye benchi na wewe ukasimama mlangoni na sanduku mkononi. Anasema mtu asiyeketi kabla ya safari huiacha akili yake nyuma. Angalia kama unayo.

Uliloniuliza nimeshawahi kulijibu. Nilikuwa kusini, nachimba mifereji. Udongo ulikuwa mgumu. Basi.

(Hapa mistari miwili imefunikwa na mkaguzi wa barua kwa wino mweusi.)

Msalimie huyo mrefu. Mwambie alale mshazari.

Savely

*

Kwa mkono wa Fedot
20 Septemba 1964

Kaka,

Nakuinamia wewe, Agrafena, Ustya na mama Pelageya.

Barua hii haijapita posta. Fedot amepewa likizo ya siku ishirini, na njia ya kwao inapita Vologda. Ameahidi kuja kwenu hata kwa mguu. Karatasi iko ndani ya buti lake. Yeye hajui kilichoandikwa, na nakuomba asijue. Ukishaisoma itie motoni ungali umesimama hapohapo.

Nitaandika kwa mpangilio.

Unajua, au hujui, kwamba makombora yaliyokwisha muda wake wa vita hayatupwi. Yanaletwa hapa. Kichwa cha bomu kinaondolewa, mahali pake inawekwa hatua ya pili, yaani injini nyingine ya kusukuma juu zaidi, na juu kabisa setilaiti. Kitu kilichotengenezwa ili kiangukie mji wa watu sasa kinabeba chombo cha kupima miale ya jua. Gazeti huandika mistari mitatu. Nilipofika nilifurahi sana. Nilijiona kama mtu anayeshuhudia upanga ukifuliwa kuwa jembe.

Kila kombora lina daftari lake. Linazaliwa nalo kiwandani na kwenda nalo kila liendako. Kila siku ya maisha yake huandikwa: lilipolala, nani alifungua vali ipi, lilijazwa lini ile tindikali inayounguza mafuta yake na likamwagwa lini. Mimi ndiye ninayepokea madaftari, kuyasoma yote, na kuweka sahihi chini kabisa: "Rekodi ni kamili." Bila sahihi hiyo kombora haliendi kwenye jukwaa la kurushia.

Sheria ya kiwanda ni fupi. Kombora likikaa limejazwa siku thelathini, kwa jumla ya maisha yake yote, pete za mpira za vali zote zitolewe na ziwekwe mpya, kwa sababu tindikali huzila taratibu. Hili nililoletewa sasa, kwa daftari lake, lina siku kumi na mbili tu. Safi.

Lakini tarehe 20 Oktoba 1962 imeandikwa: "Ghalani, tupu." Mstari unaofuata ni wa tarehe 21 Novemba: "Ghalani, tupu, limeoshwa." Kati ya mistari hiyo miwili hakuna kitu. Siku thelathini na moja, kaka. Nami nikajiuliza kama mpumbavu: kama lilikuwa tupu siku zote hizo, waliosha nini?

Nikaenda kwa Meja Dolgopolov, mkuu wangu. Si mtu mbaya. Ana mabinti watatu, na dirishani kwake anapanda vitunguu kwenye kikombe. Nikamwonyesha.

"Venyamin," akasema, "kikosi kilichokuwa nalo, mwezi huo, kilikuwa wapi?"

"Sijui, Ndugu Meja."

"Hata mimi sijui. Hakuna anayejua, kwa sababu hakikuwa popote. Kitu ambacho hakikuwa popote kinaweza kujazwa tindikali?"

"Lakini walikiosha, Ndugu Meja."

"Vumbi," akasema. "Huku vumbi linaingia hata kwenye chai yangu." Kisha akasogeza kiti karibu. "Sikiliza, mwanangu. Ukurasa wenye tundu unauliza maswali. Uandike upya. Weka mstari mmoja tu: tupu, tupu, tupu. Nani ataumia?"

Kaka, nitakwambia nani ataumia. Kombora likishajazwa watu wote huingia handakini, isipokuwa mmoja. Huyo hubaki chini yake na kurunzi, huenda kwenye vali moja baada ya nyingine, kumi na moja zote, akiweka sikio na pua asikie kama kuna inayovuja. Akiridhika hupiga simu na kukimbia. Mtu huyo ni yule aliyekuletea barua hii na ambaye sasa hivi, kama namjua vizuri, anakula bakuli la tatu mezani kwako.

Nimechelewesha kadiri nilivyoweza. Kwanza nilidai muhuri wa ukurasa wa arobaini haukusomeka. Kisha nikamwaga wino kwa makusudi, mimi! Lakini wanataka kulirusha kabla ya sikukuu ya Mapinduzi, Novemba. Nikikataa bila ushahidi nitafukuzwa na atasaini karani mwingine.

Kikosi kilichotajwa kwenye jalada la daftari ni kile kilichokuwa juu ya bahasha zako. Sikuulizi ulichimba mifereji ipi. Nauliza tu: lilikuwa limejaa, au lilikuwa tupu?

V.

*

Zaborye
4 Oktoba 1964

Venya,

Wote wazima. Karatasi ya kuwashia jiko tuliyopata ilikuwa kavu, imewaka vizuri.

Fedot alifika na mvua, amelowa kama kuku. Agrafena akamwambia, "Vua mabuti hayo, baba, usiniletee mto wote ndani." Yeye akang'ang'ania buti la kushoto kama bibi harusi anavyong'ang'ania sanduku lake. Alikula chapati za maji kumi na saba. Mama mkwe alihesabu kwa sauti. Ilipofika kumi na nne Fedot akamwambia, "Mama, usihesabu, mimi najua hesabu ya karani peke yake inatosha kunikondesha." Bibi kizee akacheka hadi akashika ubavu. Tangu mumewe afe hatujamsikia akicheka.

Alinipasulia kuni za wiki mbili. Ustya alilala begani kwake. Ananiambia akitoka jeshini anataka kufuga bata, na amemwona msichana mmoja huko kwao ambaye bado hajui kwamba ameonwa. Ni mtu anayezungumza juu ya kesho kana kwamba amekwisha kuilipia.

Nilikaa naye nikamtazama, Venya. Nilimtazama sana.

Uliloniuliza, jibu langu ni lilelile. Nilikuwa kusini, nachimba mifereji. Niliweka sahihi kwamba nilichimba mifereji, na sahihi ile inanifunga mdomo miaka ishirini na mitano. Nina mke na mtoto. Mtu akiniuliza usingizini nitajibu mifereji. Usiniulize tena.

Nakutumia soksi mbili za sufu, uyoga mkavu, na mtungi wa jamu ya brusnika. Jamu usimpe Fedot akiwa peke yake, ataimaliza. Ule wewe mwenyewe, kwa kijiko, na ukimaliza uoshe mtungi vizuri hadi chini. Mitungi ni adimu mwaka huu, na Agrafena huniuliza kila mmoja umekwenda wapi.

Kifua kimekaza tangu mvua zianze.

Savely

*

Sanduku la Posta 417
19 Oktoba 1964

Kaka Savely,

Nakuinamia wewe, shemeji Agrafena, Ustya na mama Pelageya anayehesabu chapati.

Fedot amerudi na mtungi ukiwa salama, ingawa anakiri kwamba alipofika Saratov alikuwa ameshafungua kifuniko akanusa. "Nilishindana na shetani saa nane nzima ndani ya behewa," anasema, "na nimeshinda kwa sababu sikuwa na kijiko." Anawasifu ninyi nyote hadi naona wivu.

Jamu nimekula. Mtungi nimeuosha hadi chini, kama ulivyosema.

Kaka, sikujua kwamba zawadi inaweza kuwa nzito hivi. Nimeifunga kwenye leso na naibeba kifuani. Natamani kumwonyesha mwenye haki ya kuiona, lakini yeyote atakayeiona atauliza ilipikwa jikoni mwa nani. Sitaki jiko la mtu lizimwe kwa ajili yangu. Niambie kama nikae nayo mimi, au nifanye nini nayo.

Sikukuu inakaribia. Wanapaka rangi mawe ya njiani.

Venyamin

*

Zaborye
28 Oktoba 1964

Venya,

Wote wazima. Theluji ya kwanza imeanguka jana na haikuyeyuka.

Zawadi ikishatoka mikononi mwangu si yangu tena. Mpe unayetaka.

Msalimie mla chapati.

Savely

*

Kwa mkono
12 Novemba 1964

Kaka yangu,

Nakuinamia wewe, Agrafena, Ustya na mama Pelageya. Nakuinamia wewe mara mbili.

Barua hii anaileta mhudumu wa behewa la treni ya Moscow, mama mmoja ambaye Fedot alifahamiana naye safari ile. Ataiacha Vologda kwa dada yake na dada yake ataifikisha. Isome uichome.

Fedot yuko hai. Naanza na hilo.

Barua yako ilinifikia tarehe nne, asubuhi ileile ya kikao cha mwisho. Walikuwa watu sita mezani, na daftari limefunguliwa mbele yao kwenye ukurasa mpya, msafi, ambao Meja aliuandika mwenyewe baada ya kuchoka kunisubiri. Kalamu ilikuwa imelazwa kwa ajili yangu. Nikatia mkono kifuani nikatoa leso, nikaiweka ile pete ya mpira juu ya ukurasa.

Sikuwahi kukueleza jinsi ilivyonitisha nilipoivuta toka chini ya mtungi. Nusu yake nzima, nusu yake imeliwa kama iliyotafunwa na panya, na ubavuni namba ya kombora, ileile, inasomeka. Sijui uliitoaje vuli ile na kuificha wapi miaka miwili. Sitauliza.

Nikasema niliikuta ndani ya sanduku la vipuri lililokuja na kombora, imeviringishwa kwenye gazeti. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto. Meja akageuka mweupe. Mhandisi mzee wa kiwanda aliichukua, akaibonyeza kwa kucha, na ilipomeguka ukingoni akavaa kofia yake na kwenda bandani. Walifungua vali ya kwanza. Pete ilitoka vipande vipande, kama mkate uliolowa. Ya pili vilevile. Walipofika ya tano waliacha kuhesabu. Kombora limerudishwa ghalani na urushaji umeahirishwa.

Jioni Fedot aliingia chumbani, akaketi kitandani. Kisha akasema, "Karani, walinionyesha. Ile ya tatu huwa naiwekea shavu kabisa." Akavua buti akalitazama ndani. "Nilikuwa nimebeba nini kwenda kwa kaka yako, na nikarudi na nini?"

"Barua na jamu," nikamwambia.

"Jamu," akasema. Akaliweka buti chini ya kitanda.

Nilidhani yamekwisha. Siku sita nililala usingizi mzuri. Kisha juzi nikaitwa kwa Kapteni Bessonov wa ile ofisi ya usalama isiyo na jina mlangoni. Ni mtu mpole, ana sauti ya mwalimu wa muziki. Pete ilikuwa mezani kwake juu ya karatasi nyeupe, na pembeni yake kioo cha kukuzia.

"Angalia hapa, Venyamin, kwenye mfereji wa ndani. Unaona nini?"

Niliona kitu chekundu, kidogo kuliko kichwa cha pini.

"Uchafu, Ndugu Kapteni."

"Uchafu hauoti. Hiyo ni mbegu." Akaiokota kwa ncha ya sindano. "Huku kwetu nyikani panaota nini?"

"Pakanga, Ndugu Kapteni. Na matikiti."

"Na matikiti. Mama yangu alikuwa mtu wa kaskazini. Kila vuli alinichukua msituni na ndoo." Akaiweka mbegu kwenye ulimi wake, akafumba macho. "Imetiwa sukari," akasema. Kisha akafungua faili langu, taratibu, ingawa nina hakika alikuwa ameshalisoma. "Hebu nikumbushe, kwenu ni wapi?"

Niliosha mtungi, kaka. Niliosha mtungi mara tatu, kwa maji ya moto, kama ulivyoniagiza. Pete niliifuta tu kwa leso. Mimi ninayehesabu kurasa mara nne.

Kama bado una kingine chochote cha wakati ule, kitupe mtoni leo, kabla barafu haijafunga. Wakija, sema sikuwahi kukuuliza kitu na hukuwahi kunijibu, maana ni kweli: hukunijibu. Na tafadhali, usinitumie jamu tena.

V.

*

Zaborye
17 Novemba 1964

Venya, mdogo wangu,

Wanakuinamia Agrafena, Ustya na mama mkwe. Nami Savely nakuinamia.

Barua yako ya tarehe kumi na mbili nimeipata. Imeletwa na wageni wawili waliokuja asubuhi kwa gari kutoka mjini. Yule mama wa behewa hana kosa, usimfikirie vibaya, walimkuta nayo. Wamenisomea yote kwa sauti, polepole, bila kuruka mstari, kisha wakaikunja kama ilivyokuwa na kuirudisha mkobani. Kwa hiyo sikuweza kuichoma. Unaandika vizuri, Venya. Kila kitu kimepangwa, kila tarehe iko mahali pake. Mama angefurahi.

Wageni wana adabu. Walifuta miguu mlangoni. Agrafena aliwapikia chapati, nao wakaomba ile jamu, wakaisifu. Mmoja aliuliza kama ni mkono wa Agrafena au wa mama yake. Bibi kizee akamjibu, "Kula, baba, chapati haihitaji kuandikishwa." Huwezi kumbadilisha.

Nimewaambia pete niliitia mtungini mimi mwenyewe usiku watu wamelala, na wewe ulikuwa hujui kitu hadi ulipofika chini na kijiko. Wameandika. Wameniuliza pia lilikuwa limejaa siku ngapi. Hao hawakuniuliza kama ulivyoniuliza wewe, maana jibu tayari wanalo kwenye karatasi yao, walitaka tu kusikia kama nitalitamka. Nikalitamka. Nimekaa nalo kifuani miaka miwili, na nilipolitoa, unaamini, nilivuta pumzi ndefu na sikukohoa.

Usijilaumu kwa mbegu. Fedot ana miguu mirefu, Venya, jeneza lake lingemaliza mbao za kijiji kizima. Bata ni bora.

Wamesema niandike barua hii na wataifikisha wao wenyewe, posta haina haja. Kwa hiyo usishangae ikikufikia mapema kuliko zote. Ukiandika nyumbani, mwinamie kila mmoja kwa jina lake, na mimi usiniache, hata kama mtu atakwambia hakuna haja.

Agrafena amenifungia soksi na mkate wa njiani. Wageni walikuwa wamesimama tayari, na mmoja ameshika kitasa cha mlango, lakini mama mkwe amewakaripia kwamba katika nyumba hii hakuna anayetoka bila kuketi. Wametazamana. Sasa tumekaa kwenye benchi sote, na wao pia, kofia magotini.

Savely